Hukumu ya Jaruba la Mwisho

Jicho la Ardhi lilipita bila sauti. Lilikuwa setilaiti isiyozidi cherehani kwa ukubwa, nalo liliizunguka dunia kutoka ncha hadi ncha, juu sana kuliko njia za ndege, likirudi juu ya kila bonde mara moja kwa juma. Halikupiga picha kama zile zinazotundikwa ukutani. Liliupokea mwanga wa jua uliodunda kutoka ardhini, likaupasua katika rangi mia na zaidi, nyingi kati ya hizo zisizoonekana kwa macho ya mwanadamu, na katika rangi hizo likasoma habari za udongo kama tabibu asomavyo damu. Mpunga uliolemewa na chumvi hubadilika katika rangi zile zilizofichika kabla mkulima hajaona jani lolote la manjano. Na udongo wenyewe, chumvi inapopanda juu na kukauka, hung'aa kwa namna ambayo kitu kingine hakiwezi kuiga. Hivyo ndivyo walivyoamini waliolitengeneza, na mmoja wao alikuwa Mhandisi Leonidas Machumu.

Habari zote za Jicho zilishushwa Dodoma, katika jumba la Baraza la Mashamba, na kukabidhiwa akili mnemba iliyoitwa Mwamuzi. Mwamuzi alilipatia kila jaruba la mpunga nchini rangi yake: kijani kwa udongo mzima, manjano kwa udongo unaoanza kuugua, nyekundu kwa udongo ulioshikwa na chumvi. Kabla ya mitambo hii mabonde mazima yalikuwa yamekufa kimyakimya, na watu wakahama wakiacha mifereji mitupu. Sasa ugonjwa ulijulikana mapema. Tena Mwamuzi hakulala, hakupokea chai ya mtu, wala hakuwa na mjomba katika bonde lolote. Watu walimpenda kwa hayo.

Lakini ardhi ya umwagiliaji ilikuwa adimu na waliosubiri kupewa walikuwa wengi. Kwa hiyo sheria ilisema kwamba jaruba likiwa na rangi ya kijani, na mavuno yake yakaanguka misimu mitatu mfululizo, kosa ni la mkulima. Atatolewa, na jaruba atapewa mwingine. Zamani mhandisi aliweka kidole gumba chake juu ya hukumu hizo akiwa ofisini. Baadaye watunga sheria waliingiwa na wasiwasi, wakaamuru kwamba ni lazima afike shambani kwanza. Asipoleta pingamizi lenye ushahidi wa udongo kabla ya jua kuzama siku iliyotajwa, kimya chake kitahesabiwa kuwa ni ndiyo.

Ndiyo maana Alhamisi moja ya mwezi wa Septemba, Mhandisi Machumu alishuka kwenye treni ya umeme mjini Same, akapanda kigari kisicho na dereva, akateremkia katika Bonde la Ngarashi, chini ya milima ya Upare. Alikuwa mtu wa Ukerewe, mrefu, mkavu, aliyefunga vifungo vyote vya shati lake hata wakati wa joto. Hukumu aliyoijia ilikuwa ya jaruba la mwisho kabisa upande wa chini wa bonde. Siku iliyotajwa ilikuwa Jumamosi.

Alimkuta mwenye jaruba amesimama juu ya tuta, kanga imefungwa kiunoni, jembe begani. Alikuwa Nietiwe Mbazi, mjane wa makamo ya juu, ambaye bonde zima lilimwita Mama Eliwaza kwa jina la mtoto wake wa kwanza.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye kidole?"

"Mimi ni Mhandisi Machumu, kutoka Baraza la Mashamba."

"Ndiyo nimeuliza. Wewe ndiye kidole?"

Machumu alikohoa. "Ndimi, Mama."

"Basi karibu. Kitoe mfukoni kije kuona."

Alimpeleka katikati ya jaruba. Mpunga ulikuwa umesimama kwa vishungi vishungi, umenyong'onyea, na kati ya vishungi hivyo udongo ulikuwa na utando mweupe uliopasuka chini ya viatu kama maganda ya mayai. Machumu aliinama, akagusa, akaonja kwa ncha ya ulimi. Ulikuwa uchungu wa magadi. Akachoma kipima-chumvi chake, kifaa chenye urefu wa kalamu, nacho kikalia papo hapo. Kisha akafungua kibao-nuru, bamba jembamba lililoonyesha maneno ya Mwamuzi, akasoma: *Udongo ni mzima. Chumvi haipo. Mpunga umedhoofu kwa kukosa palizi na mbolea.*

Alisimama akiwa na mashahidi wawili wasiopatana, mmoja mguuni na mmoja mkononi. Aliyekuwa mkononi alikuwa amemfahamu kwa miaka mingi zaidi.

"Mama," akasema polepole, "jikoni kwako una magadi?"

Mama Eliwaza alimtazama. "Ninayo. Kila nyumba hapa inayo. Makande hayaivi kwa maombi."

"Magadi hununuliwa kwa kiasi gani? Kopo? Gunia?"

"Aa." Mama aliteremsha jembe begani taratibu. "Sasa nimekuelewa. Unasema nimemwaga magadi ya jikoni katika jaruba langu mwenyewe, ili nikudanganye. Mtu anatia sumu chakula chake ili ampumbaze mgeni! Hebu nieleze, mwanangu, mgongo uliobeba magunia hayo ni wa nani? Huu wangu?"

"Sijasema umefanya. Nimeuliza."

"Elikana naye aliulizwa hivyohivyo. Yeye hata kuja hamkuja. Aliulizwa na hicho kibao."

Machumu alilifahamu jina hilo. Elikana Mchome alikuwa na jaruba lililopakana na hili ubavuni, mahali palipoinama zaidi, nalo sasa lilikuwa kichaka, kwa kuwa aliyepewa baada yake alilikimbia. Kidole kilichomtoa kilikuwa chake yeye Machumu, kikiwa Dodoma, kati ya vikombe viwili vya kahawa. Alieleza tu kwamba utando wa juu si ushahidi wa kutosha, maana waweza kuletwa na mkono wa mtu; sheria ilitaka udongo wa kina cha mkono mzima. Kwa kazi hiyo aliagiza kekee ya udongo, nayo ingeletwa na ndege-mzigo kesho yake.

"Kesho Ijumaa," alisema Mama Eliwaza. "Basi iambie ifanye haraka."

Hakumwambia kwa nini, kwa kuwa hakufikiri kwamba katika dunia hii kuna mtu asiyejua maana ya Ijumaa.

Machumu alilala nyumbani kwa Mzee Sefania Mgonja, mwenyekiti wa maji wa bonde na mzee wa kanisa. Ngarashi ilikuwa nchi ya Wasabato tangu siku za wamisionari. Mzee Sefania, mtu mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, alimpa mgeni chakula kizuri na maelezo mengi. Alimwonyesha ndiva, lile bwawa la kale la Wapare linalokusanya maji ya mlimani, ambalo babu zao walilijenga kwa udongo na mawe, na ambalo sasa lilikuwa na milango ya chuma inayofunguliwa kwa umeme.

"Na huyu mama wa chini," aliuliza Machumu, "ni mtu wa namna gani?"

"Mchapakazi. Au alikuwa. Sijui amepatwa na nini." Mzee alitikisa kichwa. "Kule chini kuna pepo la uvivu, Mhandisi. Lilianza na Elikana. Nilimwambia mbele ya mkutano: ndugu, udongo wako ni kijani, mtambo umesema, wewe unatuimbia chumvi! Watoto walimtungia wimbo. *Elikana chumvi, chumvi ya usingizi.* Mimi sikuwatuma, lakini sikuwakataza."

Ndege-mzigo haikufanya haraka. Upepo wa mlimani uliichelewesha, ikatua Ijumaa jua likiwa limekwisha kuinama. Machumu aliinyakua kekee, chuma kirefu chenye meno na injini ndogo kichwani, akashuka bondeni mbio mbio. Alipofika ukingo wa mashamba, alisikia baragumu. Lilikuwa baragumu la pembe, la kale, likipigwa kutoka ndiva.

Milango yote ilifunguka kwa pamoja. Maji yalishuka katika mifereji yakinguruma, yakagawanyika, yakaingia jaruba baada ya jaruba. Wanaume na wanawake walikimbia huku na huku wakifungua na kuziba kwa majembe, wakiitana na kucheka, maana iliwapasa kumaliza kabla ya jua kuzama. Baada ya hapo, hadi jua la kesho lizame, hakuna mkono ambao ungegusa jembe wala mlango wa maji. Kwa hiyo bonde zima lilinyweshwa Ijumaa. Ndiva ilitumia siku zilizosalia kujaa tena.

Machumu alipofika jaruba la mwisho, weupe wote ulikuwa umetoweka. Palikuwa na maji, na chini ya maji tope jeusi, safi, kama la shamba lolote.

"Ameusafisha ushahidi wake," alijisemea, na moyo wake ukawa mgumu.

Alitaka kuchimba hapohapo, lakini Mzee Sefania alimfikia akihema. "Mhandisi, jua linaanguka. Kekee hiyo tuiweke katika nyumba ya maji, pale penye mitambo ya milango, chini ya ufunguo. Utachimba Jumapili."

"Hukumu inafungwa kesho jua likizama."

"Basi itafungwa. Wewe una mashaka gani? Mtambo si umesema?"

Machumu hakuwa na mashaka, au ndivyo alivyodhani. Akaikabidhi kekee.

Jumamosi asubuhi alikwenda kanisani pamoja na wenyeji wake, kwa kuwa haikuwa adabu kubaki peke yake katika nyumba ya watu kama mlinzi. Walimkalisha benchi la pembeni, karibu na dirisha. Watu walisalimiana "Sabato njema," wakamsalimia naye pia. Mama Eliwaza alikaa mbele kidogo, mgongo umenyooka, kitambaa cheupe kichwani. Baada ya jua kuzama siku hiyo asingekuwa na mahali pa kupanda punje moja, na kila aliyekuwa ndani ya kanisa alilijua hilo, kwa hiyo walimwachia nafasi pande zote mbili za benchi.

Waliimba. Mchungaji akahubiri. Hata ilipotimu saa nne na nusu, kibao-nuru kilitetemeka ndani ya koti la Machumu. Jicho la Ardhi lilikuwa limepita.

Hapo ndipo alipoona desturi ambayo hakuitarajia. Mahubiri yalipokwisha, Mzee Sefania alisimama kusoma matangazo: ugonjwa wa fulani, harusi ya fulani, mazoezi ya kwaya. Kisha akatoa kibao chake mwenyewe, akanyoosha kifua.

"Na sasa rangi za juma. Majaruba ya juu, kijani!"

"Amina!" likajibu kanisa.

"Majaruba ya kati, kijani!"

"Amina!"

"Majaruba ya chini, yote, hadi la mwisho, kijani!"

"Amina!"

Watu wote walisema, isipokuwa mmoja. Machumu aliutazama ule mgongo ulionyooka chini ya kitambaa cheupe. Mwanamke yule hakulia wala hakukunja uso. Alikaa tu, midomo imefungwa, kama mtu anayesikia akisomewa jina lisilo lake. Mwongo, alifikiri Machumu, angesema amina kwa sauti kuliko wote.

Aliona haya kumtazama zaidi, akageuza uso dirishani. Bonde lilikuwa chini yake, limelala katika mapumziko yake ya Sabato, na lilikuwa linameremeta. Kila jaruba lilikuwa kioo cha maji. Hapakuwa na mtu hata mmoja shambani, na hapakuwa na kipande cha udongo mkavu chenye upana wa kiganja, kutoka ndiva hadi mwisho.

Machumu alihesabu kwa vidole: Ijumaa, Jumamosi.

Alinyanyuka, akatoka nje, akasimama chini ya upenu wa kanisa. Alifungua kibao-nuru, akadai picha zote ambazo Jicho lilipata kuichukulia Ngarashi tangu lilipowekwa angani. Zikaja, moja baada ya nyingine, miaka sita. Zote zilikuwa za Jumamosi asubuhi. Zote zilikuwa za maji. Jicho lilirudi kila baada ya siku saba, na watu hawa walifungua maji kila baada ya siku saba, usiku mmoja kabla yake. Chumvi ilipanda Jumatatu, ikawa nyeupe Jumatano, ikang'aa Alhamisi, na Ijumaa jioni ikafunikwa kwa maji, ili Jicho linapofika lisione kitu. Mahali pengine popote pale nchini, siku za maji zilihamahama, na makosa yakasahihishana. Hapa tu, kwa sababu ya uaminifu wa watu kwa siku yao, kosa lilirudi lilelile bila kukosa hata mara moja. Na Mwamuzi, alipoona udongo ulioloa daima, udhaifu wa mpunga aliuhesabu kuwa uzembe wa mkulima, akaandika: *Umwagiliaji bora.*

"Picha zilizokataliwa," aliagiza. "Nionyeshe zilizotupwa."

Ilikuwako moja. Miaka minne nyuma, Jicho lingine lililokuwa likijaribiwa lilipita juu ya Ngarashi siku ya Jumatano. Mwamuzi aliilinganisha picha hiyo na mamia ya zile nyingine, akaona haifanani nazo, akaihukumu kuwa ni hitilafu ya kifaa. Katika pembe yake ya chini palikuwa na doa jeupe, dogo, lenye umbo la jaruba. Lilikuwa jaruba la Elikana Mchome, mwaka mmoja kabla ya kutolewa.

"Mhandisi!" Mzee Sefania alikuwa amemfuata, uso umekunjamana. "Hapa ni nyumba ya ibada. Mambo ya kibao yana siku sita zake."

Machumu alimpa kile kibao. Akamweleza kwa maneno machache, kama mtu anayetoa mwiba: maji, siku, picha, doa.

Mzee aliligusa lile doa kwa kidole. Sauti yake kubwa ilipotoka, ilikuwa ndogo.

"Doa hili ni kwa Elikana?"

"Ni kwa Elikana."

"Alikuwa anasema kweli."

"Alikuwa anasema kweli, Mzee. Na maji yenu ya Ijumaa hushuka yote kule chini. Hayana mfereji wa kutokea. Yanabeba chumvi ya bonde zima na kuilundika mwisho, kwake kwanza, sasa kwa Mama Eliwaza. Kisha itapanda juu, jaruba kwa jaruba. Ingefika hadi kwako, na wewe ungeambiwa ni mvivu."

Kanisa lilikuwa limekwisha kutoka. Watu walikusanyika, na Mama Eliwaza akiwa kati yao. Machumu alimgeukia. Alifungua kifungo cha juu cha shati lake, jambo ambalo hakuna aliyemjua angelisadiki.

"Mama, nimekukosea. Lakini mtambo hauwezi kukubali neno langu tu. Unataka udongo wa kina, na unautaka kabla jua halijazama. Kekee iko ndani ya nyumba ya maji."

"Na ufunguo uko kwa Mzee," alisema Mama Eliwaza, "nao utakaa huko. Sitaki Sabato ivunjwe kwa ajili ya jaruba langu. Nimeishi nayo tangu utoto. Jaruba nimeishi nalo miaka ishirini tu."

"Mama Eliwaza, usiwe mgumu!" alisema mtu mmoja.

"Mimi si mgumu. Mmeniacha peke yangu benchini, nikakaa. Naweza kukaa."

Watu waliinamisha nyuso. Ndipo Mzee Sefania alipoingiza mkono katika koti lake la ibada, akatoa ufunguo.

"Si kwa ajili yako, dada," alisema. "Mimi ndiye niliyemwita Elikana mvivu mbele ya mkutano, na watoto wakanisikia. Kama kumtoa mtu katika shimo nililolichimba mimi ni kazi, basi nitaijibia mimi mwenyewe. Mhandisi, shika."

"Tena mwenye kuchimba ni mgeni," alidakia mwanamke mmoja wa kwaya. "Sisi tutatazama tu. Kutazama hakujakatazwa."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo mtu alicheka.

Basi walishuka wote, kanisa zima, wakiwa na nguo zao za ibada, viatu mkononi, suruali zimekunjwa, wakajipanga juu ya matuta. Machumu aliingia majini na suruali yake ya ofisini. Alisimamisha kekee katikati ya jaruba, ikanguruma, ikazama katika tope hadi kina cha mkono mzima. Alipoitoa, alilaza bomba lake juu ya tuta na kulifungua. Udongo ulitoka mzima kama muhogo uliochemshwa, mweusi juu, na kadiri ulivyoshuka ndivyo ulivyojaa mishipa ya kijivu. Alichoma kipima-chumvi juu, katikati, chini. Kililia kote, na chini kililia kwa nguvu zaidi. Hakuna mkono wa mtu ambao ungeweza kuingiza magadi mahali pale.

Alituma vipimo Dodoma, pamoja na ile picha iliyotupwa na maelezo ya Ijumaa na Jumamosi. Kisha walingoja. Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye mgongo wa mlima. Mama Eliwaza aliketi juu ya tuta lake, miguu majini, macho mbele.

Kibao kilitetemeka. Machumu alisoma kwanza kwa macho, ndipo akasoma kwa sauti.

"*Pingamizi limekubaliwa. Hukumu ya jaruba la mwisho imefutwa. Udongo unaugua. Mkulima hana kosa.*"

Mama Eliwaza alijifunika uso kwa kile kitambaa cheupe, mabega yakamcheza, na wote wakadhani analia, hata alipokifunua wakaona anacheka huku machozi yakimtiririka.

"Kirudie kipande kile cha mwisho, mwanangu."

"Mkulima hana kosa."

"Tena."

"Mkulima hana kosa, Mama."

"Sasa," alisema, "ndiyo amina."

Jua lilipokwisha kuzama, Machumu alimtafuta Elikana kwa simu. Alimpata katika mji wa pwani alikokuwa akisafisha vioo vya mitambo ya jua. Alijitambulisha kwa jina lake kamili na kwa kidole chake, akamweleza yote, bila kujitetea.

"Mhandisi," Elikana alisema, "unajua, mimi nilikwisha kuwaamini."

"Uliwaamini nani?"

"Ninyi. Kibao. Mzee Sefania. Kila nikichoka kazini huku, najiambia: ndiyo hiyo, Elikana, ndiyo tabia yako, walikuona. Mke wangu akisema pumzika, nakataa. Miaka mitatu sijapumzika. Kwa hiyo kumbe sikuwa mvivu."

"Hukuwa, ndugu yangu. Hata siku moja."

"Basi leo nitalala," alisema Elikana.

Mzee Sefania aliomba apewe simu. Alikwenda nayo mbali na watu, nyuma ya nyumba ya maji. Aliyoyasema ni kati yake na Elikana.

Jumapili alfajiri baragumu lililia tena, safari hii kwa mlio wa msaragambo, ambao ni wito wa Wapare wa kazi ya pamoja. Ukiusikia, unatoka na jembe bila kuuliza. Walichimba mfereji wa kutolea maji kutoka jaruba la mwisho hadi korongoni, wakaleta jasi ya kuvunja nguvu za magadi, wakapanga zamu za kuiosha ardhi ile kwa maji mengi. Machumu aliwaambia kwamba kwa uangalifu udongo ungepona, kwa kuwa walikuwa wameuwahi. Machumu mwenyewe alichimba hadi viganja vikatoka malengelenge, na wanawake wa kwaya wakamcheka kwamba kidole gumba kilikuwa hakijazoea mpini.

Lilibaki jambo moja, la Jicho.

"Mkibadili siku ya maji," alianza Machumu, "ikawa Jumanne, kwa mfano..."

"Mhandisi," alisema Mzee Sefania, na sauti yake ilikuwa imerudi katika ukubwa wake, "Sabato haihami. Jicho lako ndilo lihame."

Nalo likahamishwa. Dodoma walipiga mahesabu, wakaliongezea Jicho pumzi kidogo ya moto wa injini yake, na kuanzia hapo likawa linapita juu ya Ngarashi siku ya Alhamisi. Mwamuzi naye alifundishwa kutokuitupa picha kwa sababu tu haifanani na nyingine, na hukumu zote za zamani zikarudishwa mezani. Nne kati ya hizo, mbali na ya Elikana, zilikuwa za uongo. Watu watatu walipigiwa simu. Wa nne alikuwa amekwisha kufa, na Machumu alisafiri mwenyewe kwenda kuwaambia watoto wake.

Jumamosi ya kwanza baada ya Jicho kuhamishwa, Machumu alikuwa amekaa tena benchi la pembeni karibu na dirisha. Elikana alikuwa amerudi na mkewe, na Mama Eliwaza amekaa kati yao, wamebanana hata pasiingie mkono. Mzee Sefania alisimama na kibao chake.

"Rangi za juma. Majaruba ya juu, kijani!"

"Amina!"

"Majaruba ya kati..." Alimtazama Elikana. "Kijani na manjano."

Watu walitazamana, maana hawakuwa wamewahi kulisikia neno hilo mahali hapo.

"Amina," walisema, kwa uangalifu.

"Majaruba ya chini, mawili ya mwisho, nyekundu."

Elikana aliinama, akaweka uso wake katika viganja vyake. Na Mama Eliwaza akanyanyuka katika benchi, mgongo umenyooka, akasema kwa sauti iliyosikika hadi nje:

"Amina!"

Kanisa zima likamfuata.